Simba wa Kauri Kutoka Meissen

Tuanze na udongo wenyewe. Kaolini ni udongo mweupe wa vibamba vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vilivyolala kimoja juu ya kingine. Ukiulowesha, maji huingia katikati navyo huteleza. Ndiyo maana unafinyangika. Hauna chuma cha kutosha kuufanya mwekundu ukichomwa, kama unavyokuwa mtungi wa kawaida.

Kaolini ikichomwa peke yake hubaki na vitundu. Wachina waliichanganya na mawe yenye madini ambayo, kwenye joto kali, huyeyuka na kuwa kioo kinachoziba vitundu hivyo. Tanuri likipoa unapata kauri: haipitishi maji, na ikiwa nyembamba hupenyeza mwanga. Magofu ya Gedi, mji wa pwani ya Kenya uliohamwa katika karne ya 17, yametoa vipande vingi vya kauri ya Kichina. Siku zile Ulaya ilikuwa bado haijajua siri yake.

Siri hiyo ilipatikana Saksonia, katika Ujerumani ya leo, mwaka 1708. Mtawala Augustus alikuwa amemfungia Johann Friedrich Böttger, kijana aliyedai anaweza kutengeneza dhahabu. Böttger, akifanya kazi na mwanasayansi Tschirnhaus, alipata kauri. Kiwanda kikaanzishwa Meissen mwaka 1710.

Mwaka 1731 akaajiriwa mchongaji Johann Joachim Kändler. Kati ya visanamu vyake vya miaka ya 1740 yumo mwanamke anayewakilisha Afrika, ameketi juu ya simba, kichwani amevaa kichwa cha tembo. Kisanamu cha namna hii hakitoki kizima. Kila kiungo hukandamizwa ndani ya kalibu ya plasta, ambayo hufyonza maji ya udongo, kisha viungo huunganishwa kwa uji mzito wa udongo uleule. Ndani huachwa wazi, na tundu hutobolewa ili hewa na mvuke vitoke. Bila tundu kinaweza kupasuka.

Tanuri linapofika karibu nyuzi 1,400 za Selsiasi, chembe huvutana, vitundu hujifunga, na kisanamu hupungua kwa takriban sehemu moja ya sita. Wakati huohuo hulegea. Mkono ulionyooshwa hushikiliwa kwa nguzo ya udongo uleule, ili vyote visinyae pamoja.

Nastahi sana umakini huo. Kosa la unene wa ukuta lilifichuliwa na moto, lakini kosa kuhusu Waafrika halikuwa na wa kulifichua. Kofia ile ya tembo ilitoka kwenye vitabu vya michoro, navyo viliirithi kutoka sarafu za Roma ya kale. Haikutoka Afrika.