Hesabu ya Ndakala

Mama mmoja wa Uvira alinunua ndakala mbichi kando ya ziwa Tanganyika. Alinunua beseni 3, kila beseni kwa faranka 40.000. Akamlipa mchukuzi faranka 6.000 ili amfikishie mzigo nyumbani. Kisha akaanika samaki juani. Samaki mbichi ana maji mengi ndani yake. Akikauka, anapunguka sana. Beseni 3 zikawa makopo 50 tu. Mama akaweka makopo 2 kwa chakula cha nyumbani.

Mchuuzi mmoja akapita, akasema: «Mama, nitachukua yote yanayobaki. Nitakupa faranka 2.500 kwa kila kopo.»

Mama akawatazama watoto wake wawili. Mkubwa alikuwa mwepesi wa hesabu. Akasema mara moja: «50 toa 2 ni 48. 48 mara 2.500 ni 120.000. Mama, ulinunua samaki kwa 120.000. Feza zako zinarudi zote. Uza!»

Alizidisha vema, wala hakukosa hata tarakimu moja. Lakini dada yake mdogo akasema: «Yaya, ngoja kwanza.» Akatwaa kaye yake.

Aliandika kwanza mambo yanayojulikana: beseni 3, faranka 40.000 kwa beseni, mchukuzi 6.000, makopo 48 ya kuuza. Halafu akajiuliza: Tunatafuta nini? Hapo ndipo penye kazi kubwa ya hesabu hii. Hatutafuti bei ya samaki peke yake. Tunatafuta feza zote zilizotoka mkononi mwa Mama.

3 mara 40.000 ni 120.000.
120.000 na 6.000 ni 126.000.

Basi mchuuzi angetoa 120.000, na Mama angepoteza faranka 6.000, pamoja na kazi yake yote ya kuanika.

Sasa, kila kopo lilimgharimu Mama feza ngapi? Lazima kugawanya 126.000 kwa 48. Mtoto hakufanya haraka. 48 mara 2.000 ni 96.000, zinabaki 30.000. 48 mara 600 ni 28.800, zinabaki 1.200. 48 mara 20 ni 960, zinabaki 240. 48 mara 5 ni 240; hakuna kinachobaki. Akajumlisha 2.000 na 600 na 20 na 5, akapata 2.625.

Akapima jibu lake kwa kuzidisha. 40 mara 2.625 ni 105.000. 8 mara 2.625 ni 21.000. Pamoja ni 126.000. Jibu ni la kweli.

«Mama,» akasema, «ukiuza chini ya 2.625, unapoteza.»

Yaya wake akasoma kaye mstari kwa mstari, akasema: «Nilimsahau mchukuzi.»

Mama akamwambia mchuuzi: «Faranka 3.000.» Wakabishana kidogo, kama ilivyo desturi ya soko, wakapatana 2.800. Mchuuzi akalipa, akaondoka na makopo yake.

Maulizo

1. Mchuuzi alilipa feza ngapi kwa makopo 48?
2. Mama alipata faida gani?
3. Kama mvua ingeharibu makopo 3 kati ya yale 48, je, Mama angepata faida kwa bei ya 2.800? Andika kwanza unayoyajua, halafu unalotafuta.