Lenzi za Kamera Ndogo: Ya Kufanya na ya Kutofanya Uendapo Kagunga

Boti za Kagunga huondokea mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Hujaa watu na mizigo, hupita mbele ya hifadhi ya Gombe, kisha huteremsha abiria kwenye ufukwe mwembamba uliobanwa kati ya ziwa na milima, karibu na mpaka wa Burundi. Ukifika na lenzi isiyofaa, utarudi na picha zisizofaa. Basi amua haya kabla hujapanda boti.

FANYA

1. Jua ukubwa wa sensa yako. Kwenye mfumo wa Micro Four Thirds, uliozinduliwa na Olympus na Panasonic mwaka 2008, sensa ina upana wa milimita 17.3. Humo, lenzi ya milimita 25 huona eneo linalokaribiana na lile la milimita 50 kwenye sensa ya milimita 36 kwa 24. Kwa sensa ya APS-C, zidisha milimita za lenzi kwa 1.5; kwa APS-C ya Canon, kwa 1.6. Asiyepiga hesabu hii hununua lenzi akidhani ni pana, akaikuta imebana.

2. Beba lenzi mbili. Moja iwe fupi na angavu, ya f/1.8 au f/1.7. Nyingine iwe ya kuvuta. Olympus ya 40-150 ina uzito wa gramu 190 tu, na huvuta sawa na 80-300 ya sensa kubwa. Inatosha kabisa mchana ziwani.

3. Jiandae kwa giza. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa zao usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, hupumzika. Hutapata mwanga mwingine wa kukusaidia. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara nne ya ile ya f/3.5. Stendi ya miguu mitatu haikufai chomboni, kwa sababu inayumba pamoja na chombo.

4. Funga hudi, kile kikinga-jua cha mbele ya lenzi. Jioni jua huzama ng'ambo, upande wa Kongo, na humulika lenzi ya anayetazama ziwa. Unapopiga picha za watu saa hizo, lipe ziwa mgongo ili mwanga uwaangukie usoni.

USIFANYE

1. Usinunue lenzi kubwa ili uonekane fundi. Lenzi ya 70-200 f/2.8 ya sensa kubwa huzidi kilo moja. Ukiifunga kwenye kamera ndogo, kamera huinamia mbele na mkono huchoka mapema. Kabla ya kulipa, zijaribu pamoja mkononi.

2. Usibadilishe lenzi botini. Wimbi moja likirusha maji, sensa imekwisha. Chagua lenzi ukiwa nchi kavu, na nyingine ifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji.

3. Usitegemee adapta na lenzi za kamera za zamani. Zinaingia, ndiyo, lakini umbo hurefuka, na mara nyingi unabaki kutafuta fokasi kwa mkono. Sokwe wa Gombe hakungoji.

4. Usiwashe flashi ukiwa Gombe. Msitu una giza, kwa hiyo lenzi ya kuvuta yenye f/5.6 itakusumbua. Tumia ile angavu, zima mlio wa shata, na umtii mwongoza wageni kuhusu umbali.

5. Usimnyatie mtu kwa lenzi ndefu. Mwezi Mei 2015 maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya kwao waliingia Kagunga, wakalala wazi ufukweni, kipindupindu kikawaingilia, na meli ya MV Liemba ikawa inawasafirisha hadi Kigoma. Mtu aliyefikwa na hayo ana haki ya kujua kwamba anapigwa picha. Chukua lenzi fupi, msogelee, msalimu, "Shikamoo mzee," "Shikamoo mama," kisha omba. Akikataa, funika lenzi na ushukuru.

6. Usielekeze lenzi kwa askari wala kituo cha mpakani. Utapoteza kamera, na pengine safari nzima.

Kama fedha yako inatosha kitu kimoja tu, acha kamera mpya. Nunua lenzi fupi angavu ya kamera uliyo nayo, kwa kuwa itakutumikia usiku kwa wavuvi, mchana msituni, na mbele ya kila atakayekubali kupigwa picha.