Motokari na taa usiku wa dhoruba

Ninyi watoto wa Kivu, radi mwaijua. Lakini labda hamjaambiwa neno hili: wataalamu walihesabu radi kwa chombo kilichozunguka juu sana angani, na mwaka 2016 wakatangaza hesabu yao. Mahali walipopaandika jina la Kabare, katika Kongo yetu ya mashariki, radi humulika mara 205 kwa mwaka katika kila kilometa ya mraba. Ni ziwa la Maracaibo peke yake, katika inchi ya Venezuela, lipitalo hapo: mara 233.

Basi radi ikipiga nguzo, au upepo ukiangusha mti juu ya waya, umeme wakatika. Nyumbani mtu huwasha toroshi, akala, akalala. Lakini katika nyumba ya kuzalia, mama mwenye uchungu hawezi kungoja mafundi wapande nguzo asubuhi.

Usiku mmoja Sista alinijia mbio, maji yakimtiririka. «Bruda, taa zimezimika, na mtoto yu karibu kuzaliwa.» Jenereta yetu ilikuwa mezani kwangu, imefunguliwa vipande vipande. Ilibaki motokari.

Bateri ya motokari ni kama mtungi: hutunza umeme wa volti 12. Injini ikiwaka, mkanda huzungusha alternata, nayo hutoa umeme wa volti 14 hivi na kuujaza mtungi tena. Mwendo si lazima. Motokari yasimama, injini yanguruma polepole, na umeme watoka, ingawa ni mchache kuliko safarini. Nilifunga waya mbili kwenye bateri, nyekundu upande wa chanya, nyeusi upande wa hasi, nikatia fuzi katika ile nyekundu karibu na bateri. Kisha nikazipitisha dirishani na kutundika taa ndogo juu ya kitanda. Mtoto alizaliwa salama, msichana mwenye sauti kubwa.

Sasa sikilizeni kosa langu. Kwa kuogopa mvua nilikuwa nimeingiza motokari chini ya baraza, bomba la moshi likielekea dirisha lile lile. Baada ya muda bibi mmoja, mlinzi wa mgonjwa, akashika kichwa. Mwenzake akatapika. Nikasema ni malaria. Sista akanitazama: «Wote wawili kwa mara moja?» Nikakimbia kuzima injini. Tulifungua milango yote, tukawatoa wote, mzazi na mtoto wake pia, hadi baraza ya upande wa pili penye upepo. Kulipokucha walikuwa wazima, Mungu ashukuriwe. Jambo hilo nilifundishwa zamani, nami mwenyewe nalifundisha, mvua ilinisahaulisha.

Kilichowaumiza si moshi uonekanao. Ni hewa iitwayo monoksidi ya kaboni: haina rangi, haina harufu, haiwashi kooni. Damu huchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka mwilini mwote. Hewa hii hunyang'anya nafasi ya oksijeni, maana hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200. Kichwa chauma, miguu yalegea, usingizi waja, na alalaye aweza asiamke. Wenye nyumba nzuri wamenaswa nayo pia. Februari 2021 baridi kali ilikata umeme katika Texas, huko Amerika. Katika mji wa Houston jamaa moja waliacha motokari ikiwaka ndani ya garaji iliyoungana na nyumba, ili wapate joto. Mama na mtoto wake wa kike walikufa. Hata kufungua mlango wa garaji hakutoshi.

Basi motokari ikae nje kabisa, metre 6 au zaidi kutoka dirisha lolote, bomba lielekee kule upepo uendako. Mvua na iinyeshee, haiyeyuki. Breki ya mkono ivutwe, na majani makavu yasiwe chini yake, kwa maana bomba huwa moto sana. Ni waya ndizo zirefushwe.

Tena usiidai motokari kazi ya mitambo ya Ruzizi. Taa ya wati 10 yatumia chini ya ampere 1. Pasi ya wati 1000 ingetaka zaidi ya ampere 83: waya zingeungua, bateri ingekwisha upesi. Kwa vyombo vidogo vya volti 220 kuna konvertisa, lakini kamwe usiichomeke katika prizi ya ukuta ili kuwasha nyumba nzima. Umeme utarudi nje kwenye waya za njiani, na fundi aliye juu ya nguzo, akidhani waya zimekufa, atauawa nao.

Wala injini haihitaji kunguruma usiku kucha. Taa mbili za wati 10, zikiwaka saa 10, hutumia ampere-saa 17 hivi. Bateri nzima ya ampere-saa 60 yaziweza. Washa injini kidogo, izime, uache bateri ifanye kazi. Esanse ni ghali, na kesho kuna safari.

Maulizo. Taa tatu za wati 8 zawaka kwa bateri ya volti 12. Zatumia ampere ngapi? Kwa saa 6 ni ampere-saa ngapi? Kisha tokeni nje, mpime kwa hatua kutoka dirisha la darasa mahali ambapo mngesimamisha motokari, na mwangalie kwanza upepo watoka wapi.