Kuchacha si kuoza: tupike kimchi na bibimbap

Tuanze na swali. Umefunua sufuria asubuhi, ukakuta maharage ya jana yamechacha. Utafanya nini? Bila shaka utayamwaga, tena haraka. Haya, na ukikuta maziwa kwenye kibuyu yamechacha? Hapo utatafuta kikombe! Neno ni lile lile, lakini chakula kimoja kitakukimbiza chooni na kingine kitakushibisha. Tofauti iko wapi?

Wakorea wanalijua vizuri jibu la swali hilo, kwani karibu kila mlo wao una mboga iliyochachushwa. Labda umeiona kwenye tamthilia zao: majani mekundu kwenye kisahani, watu wanayachukua kwa vijiti. Hiyo ndiyo kimchi. Leo tutajifunza kuitengeneza nyumbani, kisha tutapika wali wa bibimbap wa kula nao. Wavulana, msifunge ukurasa! Tumbo halichagui mvulana wala msichana, na jiko vilevile.

MEZANI KWA WAKOREA

Waswahili tuna maneno matatu: mpunga shambani, mchele gunia, wali sahanini. Wakorea nao wanayo matatu: byeo, ssal na bap. Na kama sisi tunavyosema "chakula tayari" hata kama ni ugali, wao husema bap wakimaanisha mlo wowote. Hata salamu yao ya kawaida ni kuulizana, "Umekula bap?"

Katika mlo wa kawaida kila mtu hupata bakuli lake la wali na la supu. Katikati ya meza vinakaa visahani vidogo vya kuchangia, viitwavyo banchan: mchicha uliochemshwa, machipukizi ya soya, figili, samaki mdogo, na kimchi. Mkubwa wa nyumba ndiye huanza kula. Angalia jambo moja: mboga zipo za aina nyingi, nyama ni kidogo au haipo kabisa. Kwa mpangilio huo mwili unapata vitamini za kila namna bila kutumia fedha nyingi.

KWA NINI WALICHACHUSHA?

Korea ina baridi kali. Desemba mpaka Februari ardhi huganda, na zamani hakukuwa na mboga mbichi kwa miezi kadhaa. Basi mwishoni mwa vuli, Novemba hivi, familia na majirani walikusanyika, wakatia chumvi makabichi kwa makumi, wakayajaza kwenye mitungi ya udongo. Mitungi hiyo ilifukiwa ardhini mpaka shingoni ili kimchi isigande wala isipate joto. Kazi hiyo ya pamoja inaitwa kimjang. Siku hizi wengi wana friji maalumu la kimchi, lakini desturi ya kukusanyika na kugawiana ingalipo.

JE, WAJUA?
- Pilipili si ya asili ya Korea. Ilitoka bara la Amerika, na ikafika huko baada ya safari za Wazungu za karne ya 15 na 16. Kabla ya hapo kimchi haikuwa na pilipili.
- Mwaka 2013 UNESCO iliiweka desturi ya kimjang ya Korea Kusini katika orodha ya urithi wa binadamu. Mwaka 2015 ikafuata ya Korea Kaskazini.
- Mwaka 2008 Yi So-yeon, Mkorea wa kwanza kwenda anga za juu, alikwenda na kimchi. Wanasayansi walikuwa wameua bakteria wake kwanza kwa mionzi.

NINI KINATOKEA NDANI YA CHOMBO?

Hapa ndipo somo la baiolojia linapoingia jikoni. Ukitia chumvi kwenye kabichi, maji hutoka ndani ya seli za majani. Ndiyo ile osmosisi uliyoikariri kwa ajili ya mtihani! Majani yanalegea, na bakteria wengi wanaoozesha chakula wanashindwa kustawi kwenye chumvi ile.

Lakini wapo bakteria wanaoivumilia. Hawanunuliwi dukani, kwani wanaishi kwenye majani yenyewe. Wanakula sukari ya kabichi na kutoa asidi ya laktiki pamoja na gesi ya kabonidayoksaidi. Asidi ikiongezeka, pH hushuka kutoka karibu 6 mpaka karibu 4. Katika uchachu huo vijidudu vingi vya kuhara hupata taabu kuishi.

Basi hilo ndilo jibu letu. Maharage ya jana yameshambuliwa na kila kijidudu kilichopita. Maziwa mgando, togwa na kimchi yamechachushwa na bakteria wa asidi ya laktiki, kwa sababu mtu aliwatengenezea mazingira yao. Kuchachusha ni kuchagua nani akae ndani ya chombo.

TUPIKE: KIMCHI YA KABICHI

Wakorea hutumia zaidi kabichi ndefu yenye majani laini. Usiichanganye na ile chainizi ya sokoni kwetu, hiyo ni mboga nyingine. Kabichi ya duara inafaa, na Wakorea wenyewe huitumia pia.

Mahitaji:
- kabichi kilo 1
- chumvi vijiko 3 vya chakula
- karoti 1 na fungu dogo la vitunguu vya majani
- kitunguu saumu punje 5, na tangawizi kipande cha kidole gumba
- pilipili ya unga kijiko 1 cha chai (ya Kikorea ni nyekundu sana lakini haiwashi kama yetu, kwa hiyo usiige wingi wao)
- sukari kijiko 1 cha chai
- unga wa mchele kijiko 1 cha chakula

Wakorea wengi huongeza kamba wadogo waliotiwa chumvi au mchuzi wa samaki. Ukikosa, acha tu.

Hatua:
1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha ubao, kisu, beseni na chombo cha kuhifadhia, halafu visuuze kwa maji yaliyochemshwa.
2. Osha kabichi, ikate vipande vya ukubwa wa vidole viwili. Nyunyiza chumvi yote, changanya, acha saa 2. Igeuze kila nusu saa.
3. Kabichi ikilegea, isuuze mara mbili au tatu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Onja. Iwe na chumvi kuzidi mchuzi kidogo tu. Ichuje vizuri.
4. Pika uji mwepesi wa unga wa mchele kwa maji nusu kikombe. Uache upoe kabisa. Uji huu ni chakula cha bakteria.
5. Twanga kitunguu saumu na tangawizi, changanya na uji, pilipili na sukari. Tia karoti na vitunguu vya majani vilivyooshwa na kukatwa.
6. Changanya yote na kabichi. Vaa mfuko safi wa plastiki mkononi, la sivyo ukijigusa jicho utalia mpaka jioni!
7. Jaza kwenye chombo, ukishindilia mpaka maji yake yaifunike kabichi. Acha nafasi ya vidole vitatu juu. Funika bila kukaza, kwa sababu gesi ikikosa njia chupa inaweza kupasuka.
8. Weka mahali penye kivuli. Kila siku funua kidogo, shindilia kwa kijiko safi.

Sehemu za joto kama Dar es Salaam, siku 1 au 2 zinatosha. Sehemu za baridi kama Njombe, ngoja siku 3 au 4. Utaona mapovu, utasikia harufu ya uchachu mzuri. Hapo ihamishie kwenye friji. Kama huna friji, tengeneza nusu ya kipimo na muimalize katika siku chache, maana itazidi kuwa kali. Ikiwa kali sana usiitupe. Wakorea huipika mchuzi au huikaanga na wali.

Ukiona ukungu, utelezi, au harufu ya uozo, usionje, usikwangue. Mwaga yote.

HAPA USICHEZE

Mwaka 2012 wanafunzi wa shule kadhaa Korea Kusini waliugua kuhara kwa pamoja. Uchunguzi ulionyesha kuwa ni bakteria wa aina ya E. koli, na kimchi waliyokula ndiyo iliyohusishwa. Sasa utauliza, mbona tumesema uchachu unazuia vijidudu?

Unazuia, lakini si mara moja, na si vyote. Siku ya kwanza kimchi bado haina asidi ya kutosha. Ni kama kachumbari tu. Ikiwa maji yalikuwa machafu, au mpishi alitoka chooni bila kunawa, vijidudu vimepata karamu. Kwa hiyo mambo matatu: maji yaliyochemshwa, mikono yenye sabuni, na subira mpaka ichache. Mwenye kuhara asiitengeneze kabisa. Na kipindupindu kikiwa mtaani kwenu, ahirisha kimchi, ule mboga zilizopikwa zingali moto.

BIBIMBAP: WALI WA RANGI TANO

Bibim ni kuchanganya, bap ni wali. Ni chakula maarufu cha mji wa Jeonju. Wapishi wa Korea hupenda rangi tano katika sahani moja: nyeupe, nyeusi, kijani, nyekundu na njano. Ni mila yao ya zamani, lakini hata mwalimu wa lishe ataipenda, kwani rangi mbalimbali za mboga huleta virutubisho mbalimbali.

Kwa watu wanne pika wali wa vikombe 2 vya mchele. Kisha andaa mboga, kila moja peke yake:
- Kijani: mchicha mafungu 2. Uchemshe dakika 1 au 2, ukamue maji, utie kitunguu saumu kilichotwangwa, chumvi kidogo na ufuta uliokaangwa na kutwangwa. Namna hii ya kuandaa mboga huitwa namul.
- Nyekundu: karoti 2 zilizokatwa nyembamba, kaanga kwa mafuta kidogo. Mafuta hayo husaidia mwili kufyonza vitamini A ya karoti.
- Nyeupe: figili au kabichi, kaanga kidogo.
- Nyeusi: uyoga wa sokoni. Usichume porini kama hujui, kuna uyoga unaoua.
- Njano: yai moja kwa kila mtu.

Mchuzi wake halisi ni gochujang, yaani rojo ya pilipili, mchele na soya iliyochachushwa kwa miezi. Ukiikosa, changanya soya sosi vijiko 2 vya chakula, pilipili kidogo, sukari kijiko 1 cha chai, na limau. Haitakuwa gochujang, lakini italeta ladha. Panga mboga juu ya wali, weka yai, tia mchuzi, kisha kila mtu achanganye mwenyewe na kimchi yake pembeni.

Tahadhari mbili. Kwenye picha utaona kiini cha yai kibichi. Wewe kiivishe, kwani yai bichi linaweza kuwa na salmonela. Pili, wali usilale mezani. Ndani ya mchele kuna bakteria wenye mbegu zisizokufa kwa kuchemshwa. Wali ukikaa kwenye joto, mbegu huamka na kutoa sumu, na sumu nyingine ya hao haiondoki hata ukiupasha moto. Uliobaki utandaze upoe upesi, uingie friji ndani ya saa 1 au 2.

NA CHUMVI JE?

Hatukufichi. Kimchi ina chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile ya mchuzi, mkate na bisi. Kimchi yenye chumvi ya asilimia 2 itakupa gramu 1 katika kila gramu 50. Ukila kisahani kidogo ni sawa. Ukila bakuli zima umekwisha kula ya siku nzima.

Wakorea wenyewe wamelipata somo hilo. Nchi yao ni miongoni mwa zenye saratani nyingi ya tumbo, na vyakula vilivyohifadhiwa kwa chumvi ni sababu mojawapo inayotajwa, pamoja na bakteria aitwaye Helicobacter pylori na sigara. Tangu mwaka 2012 serikali ya Korea Kusini imekuwa na mpango wa kupunguza chumvi, na ulaji ulishuka sana katika miaka iliyofuata. Hawakuacha kimchi. Walipunguza chumvi kwenye kimchi na kwenye supu. Nasi tunaweza kuanza na kile kijiko cha mezani.

JIPIME

1. Kwa nini chombo cha kimchi hakikazwi mfuniko?
2. Asha ametengeneza kimchi asubuhi kwa maji ya bomba yasiyochemshwa, anataka kuila mchana. Mshauri.
3. Juma amepasha moto wali uliolala mezani usiku kucha. Je, sasa ni salama?

Majibu: (1) Gesi ya kabonidayoksaidi ipate njia ya kutoka. (2) Asiile, kwani haijachacha, na maji yake hayaaminiki. Atengeneze nyingine kwa maji yaliyochemshwa na angoje ichache. (3) Hapana. Vijidudu vinaweza kufa, sumu ikabaki.

Umepata yote? Hongera! Jumamosi hii omba ruhusa nyumbani, ushike kisu. Na dada au kaka akikunja uso akisema, "Hii mbona imechacha?" mwambie akae chini, umpe somo.