Moja ya nane ya nini? Tuithamini nyumba ya marehemu kabla ya kuigawa

KATIKA masomo yote ya dini ninayofundisha, mirathi ndilo somo ambalo wanafunzi hulishika haraka katika hesabu na kulipoteza katika utekelezaji. Ukiwauliza mke wa marehemu aliyeacha watoto anapata nini, watajibu kwa sauti moja: thumni, yaani moja ya nane. Ukiwauliza watoto wanagawanaje kinachobaki, watasema mwanamume apate mafungu mawili na mwanamke moja, kama tulivyofundishwa katika Suratun-Nisaa. Lakini ongeza swali moja tu, "Moja ya nane ya nini?", darasa zima linanyamaza.

Ndugu msomaji, hapo ndipo dhulma inapopata mlango. Mafungu Allah (s.w.) ameshayapanga, na ni vigumu kwa Muislamu kusimama mbele ya jamaa akasema dada yake asipewe chake. Anayetaka kula haki ya dada yake au ya mjane wa baba yake haligusi fungu. Anagusa thamani ya mali. Fungu linabaki vile vile katika karatasi, lakini kilichomo ndani yake kimeshaliwa.

Na katika mali zote, sijaona inayochezewa thamani kirahisi kama nyumba kongwe iliyosimama peke yake kwenye kiwanja kikubwa katika mitaa ya wenye uwezo, mfano wa Oysterbay, Masaki, Upanga au Regent Estate hapa Dar es Salaam. Mimi ni mwalimu wa dini, si mthamini wa majengo. Nitakayoyaeleza ni yale ambayo msimamizi wa mirathi na kila mrithi anapaswa kuyajua ili akae kikaoni akiwa na maswali, asikae kama mgeni.

Nyumba ni gofu, kiwanja je?

Katika upangaji wa miji wa Waingereza, jiji hili liligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Oysterbay ilikuwa Uzunguni: viwanja vipana, nyumba moja katikati, vyumba vya watumishi uani, miti mirefu mpaka barabarani. Nyingi ya nyumba hizo sasa zimechoka. Mrithi anayeishi Tanga au Kigoma akija kuiona nyumba ya baba yake, anakuta dari limetoboka, rangi imebabuka na milango imeliwa na mchwa. Akiambiwa "hili gofu halina thamani tena", anaamini kwa macho yake.

Kisha inakuja hoja ya pili, nayo huletwa na wazee: "Ardhi ni ya serikali, haina bei. Tunagawana nyumba tu." Hoja hii ina asili yake. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi wa moja kwa moja ulifutwa ukageuzwa kuwa wa kukodi kwa serikali, na sheria ya mwaka 1969 ikaugeuza tena kuwa haki ya kumiliki na kutumia kwa muda. Kwa miaka mingi kilichohesabiwa kuwa na thamani ni kile mtu alichokiendeleza, yaani jengo na mazao, si kiwanja kitupu.

Lakini hali hiyo ilikwisha. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, zinatamka kwamba maslahi katika ardhi yana thamani na thamani hiyo izingatiwe katika kila muamala. Ardhi bado ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Haki ya kuitumia kwa miaka iliyoandikwa kwenye hati, mathalani 33, 66 au 99, ni mali yenye bei na inarithiwa.

Tuchukue mfano wa darasani, tarakimu zikiwa za kufundishia tu. Marehemu ameacha mjane, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Mafungu ni manane: mjane moja, kila mwanamume mawili, kila binti moja. Kiwanja kina mita za mraba 2,000, na tuseme mtaa ule mita moja inauzwa shilingi 500,000. Hiyo ni bilioni moja. Nyumba ina mita za mraba 200, na kuijenga upya ni shilingi 800,000 kwa mita, yaani milioni 160. Tukitoa uchakavu wa asilimia 60, inabaki milioni 64. Jumla ni milioni 1,064, na fungu la binti ni milioni 133.

Sasa kaka mkubwa anayeishi humo aseme, "Tugawane nyumba, kiwanja ni cha serikali." Milioni 64 kwa mafungu manane ni milioni 8 kwa kila fungu. Yeye anabaki na nyumba, anawalipa wenzake mafungu sita, milioni 48 badala ya milioni 798. Hakuna aya iliyokiukwa waziwazi, na Fat'ha imesomwa mwisho wa kikao. Je, huu ndio uadilifu?

Njia tatu za kuthamini

Wathamini wana njia tatu kuu. Ya kwanza ni kulinganisha na soko: nyumba na viwanja vya jirani vinavyofanana vimeuzwa kiasi gani? Angalia bei iliyolipwa kweli, si bei anayoitaja dalali. Ya pili ni gharama ya kulijenga jengo upya, ukatoa uchakavu wake, kisha ukaongeza thamani ya kiwanja. Ya tatu ni kutazama kodi ambayo nyumba inaweza kuingiza kwa mwaka. Katika mitaa hii njia ya kwanza ndiyo yenye nguvu, kwa sababu mnunuzi mara nyingi hanunui kuta. Ananunua mahali, na kuta huenda akazibomoa.

Kuna mambo mawili ya kuwa macho nayo. Kwanza, tarehe. Thamani ni ya siku mnayogawana, si ya mwaka baba aliponunua wala ya ripoti iliyokaa kabatini miaka kumi. Pili, aina ya thamani. Ripoti nyingi zilizoandaliwa kwa ajili ya mkopo wa benki huwa na tarakimu mbili: thamani ya soko, na thamani ya kuuza kwa haraka ambayo ni ndogo zaidi. Ukionyeshwa ukurasa mmoja tu, omba ripoti nzima.

Tangu mwaka 2016 tuna Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini. Mthamini awe amesajiliwa, na asichaguliwe na yule peke yake anayetaka kuibakisha nyumba mikononi mwake. Bora wawe wawili wasiojuana, na kila mrithi apewe nakala, akiwemo binti aliyeolewa mbali.

Kuikagua nyumba yenyewe

Haki ina pande mbili. Kaka naye asidhulumiwe kwa kuhesabiwa gofu kama jumba. Kwa hiyo nyumba ikaguliwe kweli, na ikiwezekana wakati wa masika, maana kiangazi huficha mengi.

Anza juu. Nyumba nyingi za zamani zimeezekwa shiti za simenti yenye asbesto. Zikiwa nzima hazina madhara makubwa, lakini zikikatwa au kuvunjwa vumbi lake linadhuru mapafu, na kuziondoa kunahitaji mafundi wanaojua kazi hiyo. Gharama hiyo iingie katika hesabu. Panda darini utazame mbao: gonga, sikiliza, tafuta njia za mchwa.

Karibu na bahari, chumvi ndiyo adui. Tazama zege la vibaraza na vizingiti: likimeguka na kuonyesha nondo zenye kutu, tatizo si la lipu. Ukuta uliopakwa rangi mpya chini tu, kimo cha magoti, uulize unaficha unyevu gani. Nyaya za umeme za zamani, mabomba ya chuma yaliyoziba kwa kutu, na shimo la maji machafu lililojaa ni gharama ambazo mwenye nyumba mpya atazilipa. Zitajwe.

Kisha toka nje utafute bikoni. Ukuta wa uzio si mpaka. Mpaka ni ule uliomo katika ramani ya upimaji. Na kiwanja kikigusa ufuko, kumbuka Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mita hizo usizihesabu kama za kujengea ghorofa.

Hati kabla ya bei

Kabla ya kujua nyumba ni ya kiasi gani, jueni kama ni ya marehemu. Fanyeni upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Hati ni ya jina la nani? Imebakiza miaka mingapi? Kuna rehani ya benki au zuio? Kodi ya ardhi imelipwa? Malimbikizo yake ni deni, na deni hutangulia mirathi.

Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo mengi yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaenda Shirika la Nyumba la Taifa. Zipo familia zilizokaa humo vizazi viwili zikidhani ni zao, kumbe ni wapangaji. Na kuanzia mwaka 2002 nyumba nyingi za serikali ziliuzwa kwa watumishi. Mwenye nyumba ya namna hiyo asome masharti ya mauzo kabla hajataja bei kwa mnunuzi.

Pia ulizeni mchango wa mjane. Kama jina lake limo katika hati, au alijenga kwa fedha zake, sehemu yake si mirathi. Itolewe kwanza, ndipo apate thumni yake katika kilichobaki.

Ridhaa ya anayejua

Fiqhi inaruhusu warithi kuelewana kwamba mmoja achukue nyumba na wengine wachukue fedha. Wanazuoni huita takharuj. Lakini msingi wake ni ridhaa, na ridhaa ya mtu asiyejua anachokiacha ni ridhaa gani? Binti aliyeambiwa milioni 8 akashukuru, hajasamehe milioni 125. Hajui kuwa zipo. Akitaka kumwachia kaka yake, amwachie akiwa ameshaiona tarakimu kamili.

Na kaka aliyeitunza nyumba asinyamaziwe. Kama alitengeneza paa kwa fedha zake baada ya msiba, alete risiti mezani, izungumzwe kama dai lake, asijilipe kimya kimya kwa kuishusha bei. Vile vile kodi ya vyumba vya uani aliyokuwa akiipokea tangu baba afariki ni ya warithi wote. Nayo ije mezani.

Mkikubaliana kuuza kwa mtu wa nje, yale mliyoyaona darini mwambieni. Kuficha aibu ya bidhaa ni haramu kwetu, na mnunuzi aliyefichwa ana haki kisheria ya Kiislamu kuirudisha.

Nawaomba maimamu na wasimamizi wa mirathi wasifungue kikao cha kugawa mafungu mpaka ripoti ya uthamini iwe mikononi mwa kila mrithi, wanawake wakiwa wa kwanza kuipata. Hesabu ya moja ya nane mtoto wa madrasa anaiweza. Kazi ya watu wazima ni kuhakikisha ile nane imetimia.

Wallahu a'lam.