Chuma cha Zamani Kina Habari Yake



Ukifika Vwawa au Tunduma utaiona reli. Inatoka Dar es Salaam, inapita Mbeya, inaingia mkoani kwetu Songwe, kisha inavuka mpaka pale Tunduma na kuendelea hadi Kapiri Mposhi, nchini Zambia. Hii ndiyo reli ya TAZARA. Wazee wengi huiita Reli ya Uhuru.

Watoto wetu wameikuta reli hii. Kwao ni kama mto au mlima: ipo tu. Lakini reli haikuota kama uyoga. Ilijengwa kwa mikono ya watu, na baadhi ya watu hao tunaishi nao vijijini. Leo tutasoma jinsi wenzetu wa Kenya walivyotunza vyombo vya reli vya zamani. Kisha tutaona sisi wa Nanyala na vijiji vya jirani tunaweza kutunza nini.

1. Makumbusho ni nini?

Makumbusho ni mahali pa kutunzia vitu vyenye historia, ili watu wavione na wajifunze. Ghala hutunza mali itakayotumika kesho. Makumbusho hutunza vitu ambavyo kazi yake ya kwanza imekwisha, lakini bado vina jambo la kutufundisha.

Hapa Mbozi mfano uko karibu. Kule Ndolezi kuna Kimondo. Ni donge kubwa la chuma lililoanguka kutoka angani. Kimondo hakilimi, wala hakijengi nyumba. Hata hivyo kinalindwa, na wageni hufunga safari kwenda kukitazama. Kwa nini? Kwa sababu habari yake inajulikana. Kama isingejulikana, mpita njia angeliona jiwe jeusi tu. Mwenye tamaa angelikata vipande akauze.

Mambo ya reli ni hivyo hivyo. Chuma chenye habari ni urithi. Chuma kisicho na habari ni chuma chakavu.

2. Makumbusho ya Reli ya Nairobi

Reli ya kutoka Mombasa kwenda bara ilianza kujengwa mwaka 1896. Ilifika Nairobi mwaka 1899. Mwaka 1901 ilifika Ziwa Victoria. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya shirika moja. Umoja huo wa reli ulikwisha mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika.

Kwa miaka mingi treni zilivutwa na injini za mvuke. Baadaye zikaja injini za dizeli. Injini za mvuke zikaanza kuondolewa kazini. Nyingi zilikatwa vipande, zikauzwa kama chuma chakavu. Lakini walikuwapo watu wa reli walioona mbali. Ni kama walijiuliza, "Tukizikata zote, wajukuu wetu wataonyeshwa nini?" Basi mwaka 1971 Makumbusho ya Reli yalifunguliwa Nairobi, karibu na stesheni ya treni. Injini chache zilitengwa na kupelekwa huko. Zilipelekwa pia mabehewa, taa, vyombo vya mezani, picha na vifaa vya kazi.

Injini moja iliyotunzwa huko ni namba 5918. Jina lake ni Mount Gelai. Ni moja ya injini 34 za aina yake. Zilitengenezwa Manchester, Uingereza, miaka ya 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi. Katika reli zote za dunia zenye upana wa meta moja, hazijapata kutembea injini za mvuke kubwa kuliko hizo. Zilivuta mizigo mizito kutoka pwani ya Mombasa na kuipandisha hadi Nairobi.

Sikiliza tena jina hilo. Gelai ni mlima wa Tanzania, upande wa Arusha. Injini nyingine iliyotunzwa Nairobi inaitwa Mount Shengena. Shengena ni kilele cha milima ya Upare. Iko pia injini iitwayo Nyaturu, jina la ndugu zetu wa Singida. Kwa nini majina ya Tanzania yako Nairobi? Kwa sababu wakati ule reli ilikuwa ya nchi zetu zote tatu. Jina lililoandikwa kwenye chuma limehifadhi historia ya ujirani wetu.

3. Injini ya mvuke ilifanyaje kazi?

Umewahi kuona kifuniko cha sufuria kikirukaruka maji yanapochemka? Kinachokirusha ni mvuke. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi kubwa zaidi. Yakifungiwa, yanasukuma kwa nguvu.

Injini ya mvuke ilitumia nguvu hiyo. Ndani yake mlikuwa na tangi kubwa la chuma lenye maji. Moto uliwashwa kwa kuni, makaa ya mawe au mafuta mazito. Maji yalichemka yakatoa mvuke. Mvuke ulipitishwa kwenye bomba, ukasukuma chuma kiitwacho pistoni mbele na nyuma. Pistoni ilisukuma mkono wa chuma, na mkono huo ukazungusha magurudumu.

Ukisimama kando ya injini kwenye makumbusho, unaweza kuyafuata mambo hayo kwa kidole: hapa moto, hapa maji, hapa pistoni, hapa gurudumu. Fundi kijana hujifunza kwa saa moja jambo ambalo kitabuni lingemchukua siku nzima.

4. Behewa lililoingiliwa na simba

Katika makumbusho hayo limo pia behewa la zamani la abiria. Ukiliona bila kuelezwa, utapita. Lakini habari yake ni hii.

Mwezi Juni mwaka 1900, simba alikuwa akiwaua watu katika stesheni ya Kima, kati ya Mombasa na Nairobi. Ofisa wa polisi aliyeitwa Ryall alifika na wenzake wawili ili wamwue simba huyo. Behewa lao liliwekwa kando ya njia kuu. Usiku wakakubaliana kulinda kwa zamu. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Ryall. Inasemekana usingizi ulimshinda. Simba akapanda, akaingia mlangoni. Kwa kuwa behewa lilikuwa limeinama upande mmoja, mlango ulijifunga wenyewe nyuma yake. Simba akamkamata Ryall, akatoka naye dirishani.

Leo wageni wanaliangalia dirisha la behewa hilo na kunyamaza kimya. Mbao ni zile zile. Habari ndiyo inayowanyamazisha. Kama habari hiyo isingeandikwa, behewa lingekwisha kuwa kuni.

5. Kazi ya kutunza

Kutunza si kuweka kitu pembeni na kukisahau. Chuma kina adui wawili. Adui wa kwanza ni kutu. Mvua na umande huleta kutu, na kutu hula chuma kidogo kidogo. Dawa yake ni kusafisha, kupaka mafuta au rangi, na kuezeka paa.

Adui wa pili ni kusahau. Dawa yake ni kalamu. Kila kitu katika makumbusho huandikiwa kibao au karatasi ndogo yenye maneno machache:

Jina la kitu: Injini ya mvuke, Mount Gelai
Namba: 5918
Ilikotengenezwa: Manchester, Uingereza
Kazi yake: Kuvuta treni za mizigo

Maneno hayo si mengi. Hata wewe uliyejifunza kusoma na kuandika juzi unaweza kuyaandika. Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari.

6. Na reli yetu je?

Zambia haina bahari. Zamani shaba yake ilipita kusini, katika Rhodesia, nchi inayoitwa leo Zimbabwe. Mwaka 1965 walowezi wachache wa Rhodesia walijitangazia utawala wao. Zambia ikawa katika shida, kwa kuwa njia yake kuu ilikuwa mikononi mwa walowezi hao. Rais Julius Nyerere na Rais Kenneth Kaunda walitaka reli ya kwenda bandari ya Dar es Salaam. Nchi za Magharibi zilikataa kutoa fedha. China ilikubali kutoa mkopo usio na riba, na mkataba ulitiwa sahihi Beijing mwaka 1967.

Ujenzi ulizinduliwa mwaka 1970. Njia ilipasuliwa milimani na kupitishwa juu ya mabonde. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, yenye mahandaki na madaraja mengi. Mwezi Agosti mwaka 1973 reli ilifika mpakani Tunduma. Mwezi Julai mwaka 1976 reli yote ilikabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia. Urefu wake ni kilometa 1,860: kilometa 975 Tanzania na kilometa 885 Zambia.

Reli yetu haikuanza na mvuke kama ile ya Mombasa. Tangu mwanzo injini zake zilikuwa za dizeli. Kwa hiyo urithi wetu ni wa namna nyingine. Ni urithi wa watu waliofanya kazi bega kwa bega: Watanzania, Wazambia na Wachina. Makumi ya maelfu walifanya kazi hiyo. Wengine walikufa kazini. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha. Huko Gongo la Mboto, Dar es Salaam, yako makaburi yao yanayotunzwa, na majina yao yameandikwa.

Sasa jiulize, ndugu mwanakisomo: Majina ya vijana waliotoka katika vijiji vyetu kwenda kujenga reli yameandikwa wapi?

Kijana aliyekuwa na miaka 20 reli ilipofika Tunduma, sasa amepita miaka 70. Anajua kambi zilikuwa wapi. Anajua walikula nini, walilipwaje, na walizungumzaje na Wachina bila kujua lugha yao. Akifa kabla habari hizo hazijaandikwa, ni kama makumbusho nzima imezikwa pamoja naye.

Tena wakati ni mfupi kwa sababu nyingine. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba na kampuni ya China ili reli hii ikarabatiwe. Ukarabati ni jambo jema. Lakini kipya kinapoingia, cha zamani huondolewa. Mwaka 1971 wenzetu wa Nairobi walichagua cha kutunza kabla vyote havijakatwa. Nasi tuchague mapema.

7. Tufanye nini?

(a) Tusiguse mali ya reli. Chuma, waya au taruma lililoko njiani ni mali ya nchi mbili. Kung'oa hata kipande kimoja kwaweza kuangusha treni na kuua watu. Kutunza urithi hakuanzi kwa wizi.

(b) Tutazame majumbani mwetu. Huenda babu ana kofia ya kazi, taa ya mkono, tiketi, barua ya ajira au picha. Kitu hicho kibaki chake. Sisi tuombe kukiona na kuandika habari yake.

(c) Tuwaulize wazee. Nenda kwa heshima, mwamkie, mwombe ruhusa. Usimkatize. Mwulize jina lake, mwaka, mahali, kazi aliyofanya, na jambo asilolisahau. Akisema "sikumbuki", usimwekee maneno mdomoni.

(d) Tuwe na daftari moja la darasa. Litunzwe na mwalimu au katika ofisi ya kijiji, mahali pasipo mchwa wala mvua.

Makumbusho ya Nairobi yana injini za tani mamia. Yetu yanaweza kuanza na daftari la kurasa 48. Nyumba huanza na msingi.

Maneno ya kujifunza

behewa: gari la treni la abiria au mizigo
taruma: kipande cha mti, chuma au zege kinacholala chini ya reli
mvuke: maji yaliyogeuka kuwa gesi kwa kuchemka
handaki: hapa maana yake ni njia iliyotobolewa ndani ya mlima
urithi: kitu kilichoachwa na waliotangulia

Maswali

1. Makumbusho yana tofauti gani na ghala?
2. Kwa nini injini yenye jina la mlima wa Tanzania iko Nairobi?
3. Taja adui wawili wa chuma cha zamani, na dawa ya kila mmoja.
4. Kwa nini Zambia ilihitaji reli ya kwenda Dar es Salaam?
5. Mzungumze darasani: Je, ni haki kitu cha mzee kuchukuliwa na kupelekwa makumbusho bila ridhaa yake?

Hesabu

1. Sehemu ya reli iliyoko Tanzania inaizidi ile ya Zambia kwa kilometa ngapi?
2. Tangu ujenzi ulipozinduliwa hadi reli ilipokabidhiwa ni miaka mingapi?
3. Mtu aliyezaliwa mwaka 1951 alikuwa na miaka mingapi reli ilipofika Tunduma? Leo ana miaka mingapi?

Kazi ya wiki hii

Chagua mzee mmoja au kitu kimoja. Andika mistari mitano katika daftari lako. Siku ya darasa, simama uwasomee wenzako.