Mjamzito Aliye Kizuizini: Uamuzi wa Matibabu ni wa Nani?

Mwanamke anapofungwa katika gereza la Lang'ata au Shimo la Tewa, au anapowekwa seli akisubiri kufikishwa mahakamani, anachonyang'anywa kisheria ni uhuru wa kwenda atakako. Afya yake haimo katika hukumu. Kifungu cha 51 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema aliye kizuizini hubaki na haki zake zote, isipokuwa ile ambayo ni dhahiri haipatani na kule kuzuiliwa kwake. Matibabu hayamo katika hizo zisizopatana. Kwa hiyo mjadala wa wafungwa na uavyaji mimba, mkali kama ulivyo, una sehemu ambayo sheria imekwisha kuijibu.

Kifungu cha 26(4) kinakataza uavyaji mimba, kisha kinaweka hali za kuuruhusu: mhudumu wa afya aliyehitimu akiona kuwa matibabu ya dharura yanahitajika, au kuwa uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Wako wanaoona hali hizo ni pana mno, na wako wanaoziona finyu. Lakini tazama aliyepewa kazi ya kupima hatari hiyo: ni mhudumu wa afya, si askari jela wala afisa wa zamu. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015 zinakubaliana na hilo, kwani Kanuni ya 27 inawakataza watumishi wa gereza wasio wa tiba kutengua au kupuuza uamuzi wa kitabibu. Mwanamke aliye huru akipuuzwa katika zahanati moja hutafuta nyingine. Aliye ndani hana pa kwenda, na hata maumivu yake hupita kwanza kwa mwenye funguo. Mimba ikiwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi, saa chache za kungoja ruhusa zaweza kumwua, na hakuna hakimu aliyetoa adhabu hiyo.

Husemwa kwamba kumtoa mfungwa nje ni hatari na ni gharama. Mwaka 2005 idara ya magereza ya jimbo la Missouri, Marekani, ilikataa kuwasafirisha wafungwa kwenda kuavya mimba, na usalama ulikuwa miongoni mwa sababu zake. Mahakama ya rufaa ya shirikisho iliikataa sera hiyo mwaka 2008. Iliona kwamba anayebaki na mimba hutolewa gerezani mara nyingi zaidi, kwa kliniki na kwa kujifungua. Sheria ya Marekani kuhusu uavyaji mimba imebadilika tangu 2022, ila hesabu hiyo ya safari ni ileile.

Pingamizi zito zaidi ni la imani, na linastahili heshima: Kifungu hichohicho cha 26 kinasema uhai huanza mimba inapotungwa. Hata hivyo, walioandika maneno hayo ndio walioziweka zile hali, wala hawakuwatenga wafungwa. Tena kanuni hii, kwamba uamuzi wa kitabibu si wa askari, humlinda vilevile mfungwa anayetaka kuzaa. Askari asiye na mamlaka ya kumnyima mwanamke matibabu hana pia mamlaka ya kumshurutisha aitoe mimba anayoitaka, na aliye kizuizini ni rahisi kushurutishwa.

Ndugu au wakili anayemtembelea amwombee mgonjwa aonwe na mhudumu wa afya leo hii, na ombi hilo liandikwe pamoja na saa yake. Likipuuzwa, hakimu anayesikiliza kesi aelezwe, au malalamiko yapelekwe Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu.